Fungua Mdomo, Baba Waithira

Mzee Wanyoike hakukubali kula mpaka mkewe aje mezani, na mkewe walikuwa wamemzika Gatanga mwaka ule wa korona.

Binti yake Waithira alimjaribu kwa kila kitu. Alimpikia uji wa wimbi, akamponda ndizi na viazi, akamsagia nyama mpaka ikawa kama mchuzi. Mzee alifunga mdomo na kuutazama mlango wa jikoni. Hakugomba, hakusukuma sahani. Alingoja tu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuanza kabla ya mwenye nyumba. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba ugonjwa huo wa kusahau huanza na majina na kuishia kwa mambo makubwa, na kwamba siku moja mzee angesahau hata njaa.

Kilichomsaidia Waithira ni bahati. Jumapili moja, akipanguza kabati la televisheni pale nyumbani kwao Ngoingwa, Thika, alikuta CD ya harusi ya wazazi wake, akaitia kwenye deki ili nyumba isiwe kimya sana.

Wazazi wake waliishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto wawili kabla ya mchungaji kuwaambia kwamba hawatashiriki meza ya Bwana mpaka wafunge ndoa. Wakaifunga kanisani Kamenu, na Waithira, wakati huo darasa la tatu, ndiye aliyebeba maua. Mpiga video alikuwa wa pale pale Thika. Wapiga video wa siku zile walikuwa na desturi yao: wanatoa CD chache, wanabandika juu yake stika ya karatasi yenye picha ya maharusi, kisha wanaufuta mkanda ili Jumamosi inayofuata wapige harusi nyingine. CD nyingine zilikwaruzwa na watoto wa jamaa. Mbili shangazi alizifunga kwa uzi akazitundika shambani kufukuza ndege. Iliyobaki ni hiyo moja, na juu yake mama anacheka, shela limemteleza hadi sikioni.

Ilipofika sehemu ya kulishana keki, Waithira alikuwa ameketi na bakuli mkononi. Kwenye televisheni bwana harusi alikuwa ameona haya mbele ya umati, akafunga mdomo kabisa. Watu walicheka. Bibi harusi akashika kipande cha keki kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akasema, "Fungua mdomo, Baba Waithira. Sitoki hapa mpaka ule."

Kwenye kochi, mzee alifungua mdomo.

Tangu siku hiyo chakula kililiwa kwa CD. Waithira aliicheza mchana na jioni, akairudisha nyuma pale pa keki mara nyingi kadiri bakuli lilivyohitaji. Mzee akarudisha mashavu. Wakati mwingine, akishiba, alimgeukia na kumwita maitu, yaani mama, kama alivyomwita tangu utotoni, kwa sababu Waithira alipewa jina la nyanya yake mzaa baba. Alikuwa amesahau jina la mtaa, jina la mwanawe wa kiume, na njia ya kwenda chooni. Hilo la maitu hakulisahau.

Lakini CD ni kitu cha kuchakaa. Ilianza kukwama, kwanza kwenye nyimbo za kwaya, kisha karibu na meza yenyewe. Siku moja ilisimama mkono wa mama ukiwa juu na keki, kabla hajasema neno. Mzee aliutazama ule mkono, akangoja, akachoka kungoja, akageukia mlango wa jikoni.

Chuoni walikuwa wamefundishwa programu ya kunakili CD. Ilikuwa rahisi hata kwa mtu mwoga: unabonyeza Soma, unabonyeza Andika, basi. Laptopu yake lakini haikuwa na mahali pa kuingiza CD. Akamkumbuka Bridget, waliyekaa naye dawati moja chuoni, ambaye sasa alikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, huko Ruiru na bado alitunza kompyuta moja ya zamani. Asubuhi yake alimwomba jirani, Benta, amkalie mzee, akaifunga ile CD ndani ya leso na kwenda.

"Waithira, siku hizi nani bado ako na CD?" Bridget alimcheka mlangoni. "Watu wanabeba flashi, wewe umebeba sahani."

"Ni ya mum."

Bridget akaacha kucheka. Alimpa ile kompyuta ya pembeni na kufuta vumbi la kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Programu ilikuwa ile ile, lakini ilikuwa imejibadilisha. Kabla ya kusoma chochote ilitaka afungue akaunti, atoe namba ya simu, achague nenosiri. Bridget alimweleza, huku akiwaendea wateja na kurudi, kwamba toleo jipya halipendi kuweka kitu ndani ya mashine. Linapeleka nakala mtandaoni kwanza, halafu wewe unaichukua huko. Lina hata msaada wake, unaandika shida yako unajibiwa papo hapo.

Kisha ikauliza aina ya CD. Kulikuwa na majibu mawili tu: DVD au Blu-ray. Waithira aliitazama yake. Ilikuwa ya zamani kuliko zote mbili, zile CD za video zilizokuwako kabla DVD hazijashika mitaani. Alitaka kumuuliza Bridget, lakini foleni ya watu waliokuja kujaza fomu za ushuru mtandaoni ilikuwa imefika mlangoni na mwanamume mmoja alikuwa akilalamika kwamba amesimama tangu asubuhi. Waithira alikuwa mtu ambaye, akiletewa chakula chenye chumvi nyingi hotelini, alikula akamaliza akasema asante. Akachagua DVD.

Nakala ilipanda polepole, ikafika kama nusu, ikakwama. Aliijaribu tena, ikakwama pale pale. Ndipo akafungua sehemu ya msaada, na aliyemjibu akajitambulisha kwa jina la Dennis. Kwa Dennis hakuona aibu. Aliandika kila kitu: mikwaruzo, miaka ya CD, hata ile stika. Kile ambacho hakuandika ni aina yake, kwa kuwa Dennis alikuwa tayari ameiona kwenye jibu alilochagua.

Dennis aliandika kwamba stika ya karatasi hufanya CD iyumbe inapozunguka, na kwa hiyo isisomeke vizuri. Kwa kuwa yake ni DVD, angeweza kuibandua bila wasiwasi. Kwenye DVD, kilichorekodiwa kiko katikati ya plastiki, si juu.

Waithira alisoma jibu hilo mara mbili. Bridget alipompigia kelele kutoka kaunta kumuuliza kama imekubali, alisema iko karibu. Hakutaka kuibandua pale, kwa haraka na kwa kucha, kwa sababu hiyo stika ndiyo picha pekee ya mama akicheka. Akaifunga tena ndani ya leso na kurudi Thika.

Benta alimwambia mzee amekunywa maji tu. Waithira alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya stika mpaka karatasi ikalegea. Mzee alikuwa ameketi mbele yake mezani, mikono mapajani. Akashika ukingo wa karatasi na kuuvuta taratibu, na ukaja vizuri, bila kuchanika, mama mzima na shela lake. Alifurahi hata akatabasamu. Alipoigeuza picha ili aianike, aliona kwamba nyuma yake inang'aa.

Rangi ya fedha yote ilikuwa imeondoka na stika. Iliyobaki mkononi mwake ilikuwa plastiki tupu, safi kama glasi. Aliiinua juu, asiamini, na kupitia hiyo CD akaona uso wa baba yake ukimtazama kutoka upande wa pili.

Jioni hiyo mzee hakula. Wala kesho yake.

Kaka yake, Kagwe, alipiga simu kutoka Kahawa Sukari. Waithira alimwambia yaliyotokea. Kisha Kagwe akasema, si kwa ukali, "Ilikuwa CD tu. Huyu mzee anahitaji hospitali, Waithira, si sinema." Alikuwa ameongea na daktari. Wangemtia mpira wa kulishia puani. Waithira aliujua mpira huo, walikuwa wameelezwa. Wazee wa hali hiyo hawaelewi ni kitu gani kiko puani mwao, wanakivuta, kwa hiyo hufungwa mikono kwenye kitanda. Wengine huishi hivyo mpaka mwisho wao. Alitaka kusema baba yake hajawahi kufungwa na mtu. Alisema, "Sawa." Kagwe akamwambia angekuja na gari Ijumaa.

Alirudi Ruiru kabla ya Ijumaa hiyo, kwa sababu alikumbuka ile nusu iliyopanda. Saiba ilikuwa tupu. Bridget alifungua akaunti mwenyewe, na kweli ilikuwako: kwaya, mchungaji, umati chini ya hema, na mwisho kabisa meza. Mama alishika keki. Mama alinyang'anya kipaza sauti. Midomo yake ikasogea.

"Ongeza sauti," Waithira alisema.

"Iko mwisho."

Wakamuuliza Dennis. Naye akajibu bila kukawia, kwa upole ule ule, kwamba toleo jipya hutenganisha picha na sauti. Picha hutangulia, sauti hufuata nakala ikikamilika. Yao haikukamilika. Akaandika: tafadhali ingiza CD tena ili tuendelee pale tulipoachia.

Waithira aliitoa ile plastiki kwenye leso akaiweka juu ya meza. Bridget aliichukua, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akaelewa. Aliiweka chini kama kitu cha moto.

"Hii si DVD, Waithira."

"Najua."

"Za hivi zimerekodiwa hapo juu, chini tu ya stika. Si ungeniuliza? Nilikuwa hapo, hatua tatu tu kutoka kwako."

"Ulikuwa na watu."

Bridget alimwekea ile picha isiyo na sauti kwenye flashi na kumsindikiza hadi barabarani.

Nyumbani mzee alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa imeingia ndani ya kola ya shati. Waithira alipasha moto viazi alivyoviponda, akachomeka flashi kwenye televisheni, akaketi na bakuli. Harusi ilianza. Kwaya iliimba bila wimbo. Umati ulicheka bila kicheko. Mzee alitazama kwa makini, hata akasogea mbele, na pale pa keki Waithira akainua kijiko. Mama alisema bila kusema. Mzee alimtazama huyo mwanamke anayechezesha midomo kama mtu nyuma ya dirisha la benki, akageuza uso.

Alirudisha nyuma. Mzee hakurudi.

Ndipo Waithira aliposimama, akaenda nyuma ya kiti cha mzee, mahali asipoweza kumwona. Alingoja mkono wa mama uinuke. Akasema, "Fungua mdomo, Baba Waithira." Sauti ilitoka ndogo, sauti yake ya siku zote, ya mtu anayeomba radhi kwa kupita. Mzee hakutikisika.

Alirudisha tena. Safari hii alifumba macho akamtafuta mama: namna alivyoburuta neno la kwanza kama mtu wa Gatanga, namna alivyolipiga la mwisho kama anafunga mlango, na kile kicheko kilichokaa kooni kati ya hayo mawili. Hakuwa amewahi kupaza sauti ndani ya nyumba hiyo. Akaipaza.

"Fungua mdomo, Baba Waithira. Sitoki hapa mpaka ule."

Mzee alifungua mdomo, akamgeukia. Waithira alizunguka kiti akamlisha. Alimlisha bakuli lote, akisema maneno hayo kila kijiko kilipokawia, na katikati ya bakuli aligundua kwamba mzee haitazami tena televisheni. Anamtazama yeye.

Ijumaa Kagwe alifika na gari, akamkuta baba yake akila. Alisimama mlangoni na funguo mkononi. Alisikia sauti ya mama yake ikitoka kwa dada yake. Kagwe hakuingia ndani. Alisema angepiga simu kwa daktari amwambie wasubiri, na alipogeuza gari aliligonga lango kidogo.

Mzee alikuwa ameshiba. Waithira alimpanguza mdomo kwa leso ile ile, akangoja aitwe maitu, kwa maana huo ndio wakati aliozoea kuitwa. Mzee aliushika mkono wake akaupapasa pale kidole cha pete kinapoanzia, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo mwenyewe.

"Mama Waithira," alisema, "yule mtoto alienda wapi? Yule wangu, maitu. Siku hizi haji kuniona."

Bakuli lilikuwa na kijiko kimoja kimebaki. Waithira alikijaza vizuri, akakigongesha kwenye ukingo ili kisidondoke.

"Atakuja," alisema kwa sauti ya mama yake. "Fungua mdomo."