Jiwe la Mathurin

Rosaire Vadeboncoeur alikuwa na kila kitu cha kumuenzi babu wa babu zake, isipokuwa mahali pa kumweka. Jiwe la kumbukumbu lilikuwa tayari ghalani, limelazwa juu ya magunia. Padri wa parokia yao ya Sainte-Émérence alikwisha kukubali kulibariki sikukuu ya Mtakatifu Anna. Mzee wa watu amekula ng'ombe mzima, mkia ndio uliomshinda. Ile ardhi ya kando ya mto aliyoifyeka babu huyo, askari Mathurin, alipoacha jeshi la mfalme wa Ufaransa na kuona kwamba heri baridi ya huku ng'ambo ya bahari kuliko njaa ya kwao, sasa ilikuwa ya jirani yake, Béatrix Guillet. Na Béatrix hakutaka hata kumwona.

Mwiba wa kujichoma hauna pole. Miaka nenda miaka rudi Rosaire alitangaza mbele za watu kwamba akina Guillet ni wezi wa mashamba, eti walimlaghai mjane fulani wa ukoo wa Vadeboncoeur. Jina la huyo mjane hakuwahi kulipata. Alikuwa amepekua vitabu vya ubatizo na vya mashamba vya parokia zote za mto ule akimsaka kila Vadeboncoeur, na aliloliona ni kwamba ardhi ilikuwa ya Mathurin, kisha ghafla ikawa ya Guillet. Kama si wizi ni nini? Aliyasema hayo hata kwenye mazishi ya mume wa Béatrix, mdomo umejaa pai ya nyama aliyoipika mfiwa mwenyewe.

Tusimcheke sana. Rosaire hakujaliwa mtoto, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na ndugu zake wote waliishia kuwa mapadri na watawa. Jina lilikuwa linafia mikononi mwake, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu. Ndiyo maana juu ya jiwe alichonga: "Mathurin Vadeboncoeur. Hapa ukoo wake ulianza, na kwa Rosaire ukakoma."

Juma la sikukuu lilipofika, alivaa koti la mazishi, akachukua chupa ya shira aliyoipika kwa utomvu wa miti yake, akashika njia. Wajukuu wa Béatrix walikuwa juu ya mtufaha wa Rosaire kama kawaida, wanakula matunda mabichi. Akawatikisia fimbo, naye kama kawaida.

"Unataka nini?" Béatrix aliuliza, amesimama katikati ya mlango.

"Kijisehemu tu, mama. Pale mtoni. Niweke jiwe."

"Ardhi ya wizi ile. Padri ataibariki vipi?"

"Yale yalikuwa maneno ya mazishini tu."

"Mazishi ya mume wangu."

Rosaire akaitazama chupa yake. "Pai ilikuwa nzuri," alisema.

"Najua. Ulirudia mara tatu. Hilo jiwe umeliandika nini?"

Akamwambia. Béatrix alicheka mpaka akashika mlango. "Ukakoma? Ingia ndani, mzee. Vua viatu."

Nyumba ile Rosaire hakuwahi kuikanyaga. Ukutani sebuleni palitundikwa nasaba ya akina Guillet ndani ya fremu, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi mtawa, kama ilivyo desturi. Akapanda nayo kwa macho, baba hadi baba. Juu kabisa aliandikwa Mathurin Guillet, aitwaye Vadeboncoeur.

Rosaire akatafuta kiti. Kwamba kila askari alipewa jina la jeshini, na kwamba watoto wengine walishika hilo na wengine la baba, kila mtafuta nasaba wa huku analijua siku ya kwanza. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wenzake. Lakini kila alipokutana na Guillet kitabuni, alilamba kidole na kufungua ukurasa mwingine kwa chuki.

"Mwanawe mkubwa alibaki na jina la baba na shamba," Béatrix alisema. "Mdogo akaondoka na jina la jeshini na mdomo."

"Ulijua?"

"Tangu nikiwa bibi harusi."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe ni ndugu yangu? Nilikuwa naona haya."

Hata Rosaire aliona haya, tena sana, lakini haya yake ilichanganyika na furaha asiyojua aiweke wapi. "Basi hawa watoto..."

"Wote. Hao wanaotaka kunila mimi na nyumba. Jiwe utaliweka, lakini lile neno la mwisho ukalifute kwanza. Siwezi kuwapitisha pale niwaambie wamekoma."

Akainuka kuondoka, chupa bado mkononi.

"Shira iache," alisema Béatrix. "Binamu harudi na zawadi."

Watoto walikuwa bado juu ya mtufaha. Rosaire akainua fimbo, mazoea yana taabu, akaielekeza juu.

"Tawi hilo limeoza," aliwaambia. "Hamieni lile la kushoto."

Kisha akaenda ghalani kutafuta patasi.