Mashabiki wa Rumi

Nikutegee. Huingia ndani bila kupiga hodi, haombi kiti wala maji, humnyanyua mgonjwa kitandani akasimama wima, lakini akiondoka humwacha mahali pengine kabisa, siyo pale alipomkuta. Ni nani huyo? Fikiri vizuri. Si daktari, daktari hupiga hodi. Si jini pia, acha kucheka. Umeshindwa? Basi nipe mji. Tokyo sitaki, wape wengine. Nipe Kiryu, mji wa wafumaji, ambako zamani katika kila kichochoro vilisikika vitanda vya kufumia vikigonga tangu asubuhi. Haya, nimeupokea. Jibu lako ni wimbo, na mgonjwa mwenyewe ni Yoshiharu, mume wa Mitsue.

Yoshiharu alikuwa mtia rangi nguo. Kucha zake zilikuwa na ubuluu ambao hata maji moto ya Jumapili hayakuutoa. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia mapema, kabla hata hajastaafu. Kwanza akaisahau njia ya kiwandani, kisha jina la binti yao Saori, kisha maneno yenyewe yakaanza kumwisha mdomoni. Mitsue alimlea nyumbani mpaka siku alipomkuta barabarani na malapa, theluji ikimfika vifundoni. Ndipo akakubali kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, iliyo ng'ambo ya mto.

Mle ndani Yoshiharu alikuwa kama mtoto. Yeye miaka sitini na kitu, wenzake wote wanaikaribia mia. Kila siku baada ya chai watunzaji waliwakusanya wazee waimbe, na walichoimba ni nyimbo za shule za kale na za askari waendao vitani, nyimbo za kabla Yoshiharu hajazaliwa. Wenzake waliimba mpaka wakatoa machozi. Yeye alikaa kimya kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Lakini alikuwa na jambo moja. Mitsue alipokuja alasiri na kukaa kando yake dirishani, mkono wa Yoshiharu ulitambaa wenyewe juu ya shuka mpaka ukaupata mkono wa mkewe, ukatulia humo. Hakumtazama usoni, wala hakumwita jina. Mkono tu. Mitsue alirudi nyumbani na joto la mkono ule, akapika wali wa mtu mmoja, akala, akalala.

Sasa mwezi wa sita, mvua hazikatiki, akaja Hashizume. Huyu ni muuza tofu, ile jibini laini ya soya, rafiki wa Yoshiharu tangu shuleni, mtu wa kelele na tumbo kubwa. Alifika amekumbatia redio kaseti na mfuko wa plastiki.

"Shemeji!" akaita tangu mlangoni. "Hivi kweli mnamwimbisha mwenzangu nyimbo za babu yangu? Huyu atapona lini? Huyu ni mtu wa Rumi!"

"Punguza sauti, Hashizume. Kuna watu wamelala."

"Wamelala tangu mwaka jana hao. Wacha waamke."

Tokiwa Rumi alikuwa msichana wa kwenye televisheni walipokuwa vijana, mwenye nywele za kukunjia nje na sauti nyembamba. Aliimba miaka michache, akaolewa, akakiweka chini kipaza sauti, na hakuonekana tena. Yoshiharu ndiye aliyekuwa akiongoza mashabiki. Alipanda treni mpaka Tokyo, akafunga kitambaa kichwani, akasimama mbele ya mamia ya vijana, na kila Rumi alipovuta pumzi katikati ya mistari, yeye alinyanyua mkono nao wote wakapaza jina la Rumi kwa sauti moja.

Hashizume akaweka kanda. Ulikuwa ule wimbo wa msichana anayesikia kengele ya baiskeli na kujua ni nani anayepita.

Mkono wa Yoshiharu ukatoka ndani ya mkono wa Mitsue.

Akasimama. Mtu aliyekuwa akinyanyuliwa na watu wawili alisimama mwenyewe, na Rumi alipovuta pumzi akanguruma, "Ru-mi!" Akapiga makofi matatu, tena akanguruma.

"Lo, kumbe kijana ana koo!" akasema Bibi Otsuru wa kiti cha magurudumu. "Chai yangu yote imemwagika."

Mitsue alikuwa analia na kucheka. Hashizume akampa kitu kutoka kwenye mfuko, utepe wa karatasi uliozungushwa kama gurudumu dogo, wa kumrushia mwimbaji. Yoshiharu akauona. Akageuka, akamtazama mkewe machoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mwaka uliopita.

"Dada," akamwambia, "umetoa kiini?"

"Kiini gani?"

"Cha katikati, dada! Ukirusha hivyo utampasua jicho Rumi wa watu. Ndiyo mara yako ya kwanza? Lete hapa."

Vidole visivyoweza tena kufunga kifungo cha shati vikaubana utepe, kidole gumba kikasukuma, kile kiviringo kigumu cha karatasi kikachomoka na kuanguka sakafuni. Akamrudishia utepe uliobaki laini. Mitsue akaushika mkono wake pamoja na utepe.

Yoshiharu akauvuta mkono taratibu, kwa adabu. "Samahani, dada. Watu watatuona. Na mimi moyo wangu uko kule," akasema, akielekeza kidevu ukutani, penye kalenda ya duka la dawa.

Wimbo ulipokwisha alianza kutafuta mlango. Treni ya mwisho ya kurudi Kiryu inaondoka, mama yake anamsubiri, nani amefunga mlango huu? Alisukuma, akagonga kwa viganja, akalia. Ilichukua watu watatu kumkalisha. Kesho yake alikuwa kimya tena dirishani, na mkono wake ukautafuta wa Mitsue kama kawaida.

Hashizume aliiacha redio na kanda pale, na kila wimbo ulipopigwa mambo yakawa yaleyale. Mtunzaji mkuu wa zamu, Bi Fujinami, akamvuta Mitsue kando.

"Mama, nikuulize. Tuendelee kumpigia zile nyimbo, au tuache? Siku ya wimbo anamaliza wali wote na kutania watu. Kisha ni ule mlango. Na wewe nao, mimi naona uso wako. Tufanyeje? Useme wewe."

"Nitakwambia," Mitsue akasema, akachukua mwavuli wake.

Hakuja kusema. Alikuja na kanda zake mwenyewe. Alileta wimbo ulioimbwa kwenye harusi yao, ambao mwaka ule haukukosa harusi hata moja. Alileta wimbo wa kwenye gari walipompeleka Saori baharini. Yoshiharu alitazama dirisha. Mara moja alipepesa macho, Mitsue akarukia, "Baba Saori! Umeukumbuka?" Kumbe ni nzi. Mwisho aliinama akamwimbia mwenyewe sikioni, kwa ile sauti yake ambayo mumewe alizoea kuicheka jikoni kwamba inakatisha maziwa. Hata hakugeuza shingo.

Mitsue akamuuliza daktari. Daktari akavua miwani, akasema ya ujanani huzama chini kabisa na hubaki, yaliyokuja baadaye ndiyo hutangulia kuondoka, na dawa ya kuligeuza hilo haipo. Akampigia Saori simu mjini Nagoya anakoishi. "Mama," Saori akasema, "mimi hata jina hanijui."

Mitsue akaenda kwa Hashizume dukani, akamkuta anakata tofu ndani ya maji.

"Kwa nini zangu hazimwamshi? Nimekaa naye maisha yangu yote. Yule Rumi hata chai hakumpikia."

Hashizume alikata kipande kingine. "Shemeji, alipokuoa aliacha nyimbo. Mchana kiwandani, usiku mtoto analia. Mimi nilimtania sana. Akaniambia hana haja nazo tena, amekwishafika nyumbani."

"Heri angebaki nazo," Mitsue akasema. "Ningekuwa ndani ya mmojawapo."

Alasiri moja ya mvua akaweka mwenyewe kanda ya Rumi. Bi Fujinami alikuwa anakunja taulo mezani, akamtazama, akaendelea kukunja. Yoshiharu akasimama, akanguruma, kisha akaketi kando ya mkewe akihema kwa furaha.

"Dada, umetoka mbali?"

"Kiryu."

"Ah, jirani! Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na mumeo anakuachia uje kumpigia makelele Rumi?"

"Hana neno."

"Basi ni mtu mwema."

"Mwema sana."

"Mimi sitaoa," Yoshiharu akasema, akijipiga kifua. "Mwanamke gani atalivumilia koo hili ndani ya nyumba?"

"Yupo mmoja."

"Mwongo wewe!" Akacheka, kile kicheko chake cha kutupa kichwa nyuma, ambacho Mitsue alidhani kimekwisha duniani. Alicheka naye, akiwa ameikalia mikono yake miwili isije ikamgusa.

Kisha kanda ikaisha, na ukaja mlango. Mitsue alimshika koti. "Niache, dada, treni itaniacha!" Alimwachia. Alisimama hapo akimwona anagonga, na hakuwa na treni ya kumpa wala mama wa kumpelekea. Watunzaji wakaja wakamkalisha, akalala kitini, machozi hayajakauka.

Bi Fujinami akairudisha redio juu ya kabati. Akaushika waya auchomoe.

"Mpigieni," Mitsue akasema. "Kila siku, hata nisipokuja. Ila akiwa kule kwa Rumi, mwanangu, msimwambie mimi ni nani."