Cecilia Kabla ya Ndui

Bernadeta hakwenda misheni kwa kupenda kuchora, thubutu! Alikwenda kumtafuta mwanawe. Ndui ilimchukua Cecilia masika yaliyopita, na tangu hapo kila mama yake alipofumba macho aliona uso uliotapakaa malengelenge tu. Ule mwingine, wa siku za uzima, ulikuwa umemtoka kabisa kichwani. Uchungu gani huo, mama kusahau sura ya mtoto wake!

Padre Kasiani, Mjerumani, alikuwa akitunga kitabu cha hadithi cha watoto wa shule, akawakusanya Waluguru wachache barazani awafundishe kumchorea picha. Kila mtu alipewa karatasi, kijiti cha mkaa, na kipande cha mkate wa kufutia.

"Mungu wangu, mkate wa ngano tunafutia masizi!" akanong'ona Severini, jirani yake Bernadeta, akautia wake mdomoni.

Bernadeta hakucheka. Alichora mtoto, na mkono ukamletea yuleyule mgonjwa, vidonda tele. Padre akainama. "Mama, watoto watamwogopa huyu," akasema, na papo hapo akaanza kuvifuta vidonda kimoja kimoja kwa mkate.

Bernadeta aliinuka amsukume. Nani kamruhusu kumgusa mwanawe? Lakini hakufika. Pale palipofutwa palikuwa pametokea shavu, kisha kidevu kilichochongoka, na macho yaliyojaa utundu. Cecilia mwenyewe, mzima! Alilia mbele za watu wala hakujali.

Tangu siku hiyo mkono ulifunguka. Hadithi ya padre ilimhusu msichana mmoja, na Bernadeta akamchora akichota maji kijitoni, akiwinga ndege shambani, akidokoa mboga chunguni. Padre alifurahi mno. Nyumbani, Bernadeta akaanza hata kula tena.

Ukabaki ukurasa wa mwisho. "Hapa amekuwa mkubwa," padre alisema. "Mchore siku ya harusi yake."

Bernadeta akashika mkaa. Akakaa. Jua likahama barazani, wenzake wakaaga mmoja mmoja, na karatasi ikabaki nyeupe vilevile. Severini akamwonea huruma. "Dada, we chora mwanamke yeyote tu, yaishe."

Alitikisa kichwa, akaweka mkaa chini.

"Nisamehe, padre," alisema. "Huyu hakui."