Spiriti Chini ya Ulinzi

Saa nne asubuhi Esnath alikuwa na slaidi arobaini kwenye meza ya maabara, kila moja imebandikwa kipande cha ini la ng'ombe chembamba kuliko ganda la kitunguu, na hata moja haijapakwa rangi. Rangi zilikuwepo, ya zambarau na ya waridi. Kilichokosekana ni spiriti. Slaidi zisipochovywa kwenye spiriti mwanzo na mwisho, mtafiti wa minyoo ataona ukungu tu, na ukungu Tukuyu tunao wa kutosha. Gari lake lilikuwa linakuja kuzichukua saa kumi. Mkataba wa Esnath ulikuwa unaisha Ijumaa, na bosi alishamwambia wazi: bila slaidi, asitegemee mwingine.

Akaenda stoo.

"Ipo," alisema Mzee Ambindwile, mtunza stoo, bila kuinuka. "Dumu zima, lita tano. Ila sikupi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kamati."

Jamani, kamati! Uongozi ulisikia kwamba kwenye kituo kimoja huko watumishi walikunywa spiriti ya maabara kwa juisi ya ukwaju, basi hapa ikaundwa Kamati ya Kulinda Spiriti: Mzee Ambindwile, mhasibu, na mwenyekiti wao Bwana Lutufyo wa utumishi. Spiriti haitoki bila fomu yenye saini za wote watatu. Wawili wakaisaini palepale. Bwana Lutufyo alikuwa kijijini Nkunga, kafiwa na bibi yake.

"Si nimpigie tu?"

"Saini haiji kwa simu, binti."

Akapanda bodaboda kwenye mvua, matope mpaka magotini. Sasa, msiba wa kwetu huingii na fomu mkononi kama mkusanya ushuru. Esnath akaificha kifuani, akavua viatu, akaingia walikoketi akina mama, akalia. Alilia vizuri kweli, maana alikuwa akiuwaza mkataba. Bibi mmoja akamshika bega.

"Ndaga, pole mwanangu. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Tulikuwa... kazini pamoja, bibi."

"Kazini?" Bibi akamtazama. "Mwenzangu alikuwa na miaka tisini na mbili. Hajawahi kutoka kwenye migomba yake."

Esnath akazidisha kilio. Bibi akaona isiwe taabu, akamsogezea sahani ya ndizi na maharage. Kukataa chakula cha msiba ni kuutukana ukoo mzima, kwa hiyo alikula, akaongezewa, akala tena. Saa nane na nusu ndipo akampata Bwana Lutufyo nyuma ya jiko, naye akaisaini fomu juu ya mfuniko wa ndoo.

"Umefanya la maana kuja kunipa pole," alisema, machozi yakimlengalenga. Esnath aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Saa tisa na robo Mzee Ambindwile alizikagua saini tatu, akavaa miwani, akazikagua upya. Akafungua kufuli la kwanza, la pili, la tatu, akatoa dumu. Esnath alilinyanyua kwa mikono miwili kwa nguvu zote, nusura limpige kidevu.

"Mzee, hili tupu!"

"Haiwezekani. Kamati inalikagua kila Ijumaa."

"Mnalikaguaje?"

"Tunafungua, tunanusa, tunaandika kwamba ipo, tunafunga."

"Na mnanusa kwa muda gani?"

Mzee akakohoa. "Inategemea ajenda." Akamsogezea fomu. "Jaza hapo chini ulichopokea. Haiwezi kubaki wazi."

Esnath aliuona mkataba ukienda hivihivi, na yeye ndiye angeandikwa kwamba kazi imemshinda. Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Nimepokea hewa, lita tano, ikiwa katika hali nzuri.*

Mzee Ambindwile alisoma huku midomo ikicheza. Akaona kila nafasi imejazwa. Akagonga muhuri, akampa nakala yake.

Saa kumi gari lilipiga honi getini. Esnath aliitia nakala ile kwenye bahasha, akamkabidhi dereva.

"Slaidi ziko humu?"

"Humo mna matokeo," alisema Esnath. "Mwambie mtafiti yameshagongwa muhuri."