Samaki wa Ignatius

Semei alikuwa na wivu wa kuweza kumwonea hata samaki. Msicheke. Wivu wa namna hiyo hauji kwa siku moja. Ulianza pale mkewe, Eseza, askari magereza, alipohamishiwa Mbale na kupanga chumba huko, mtaa wa Malukhu, naye Semei akabaki Jinja na kazi yake ya kiwandani na nyumba yao ya Walukuba. Binti yao, Annah, alikuwa bweni. Eseza alirudi kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, na kila alipoondoka Semei alibaki na hofu moja tu iliyomla moyo: kwamba siku moja mwanamke huyu ataondoka na asirudi tena.

Basi Jumamosi moja Eseza akaingia amekumbatia tangi la kioo, na kwenye kikapu ana samaki wawili wa beta, wale wa mapambo, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji. Dume alikuwa wa buluu, mapezi yake marefu kama pazia la arusi. Jike alikuwa mdogo, wa kahawia, hana makuu.

"Afande Ignatius wa pale kazini amenipa," alisema kwa furaha. "Ni ya kwako hii, Baba Annah. Ikuondolee upweke."

Semei hakusikia "ya kwako". Alisikia "Ignatius".

Tangu siku hiyo nyumba ikapata baba wa pili. Ignatius alisema dume akae tangini, jike akae kwenye chupa kubwa ya biskuti, na katikati liwekwe boksi wasikodoleane macho mchana kutwa. Ignatius alisema maji ya bomba yalale kwanza kwenye jerikeni yapungue dawa. Ignatius alisema tangi lifunikwe, maana beta huruka, lisikae kwenye upepo wa dirishani, na litiwe jani kavu la mti wa mkungu mpaka maji yawe na rangi ya chai. Chakula punje tatu asubuhi, tatu jioni. Yote hayo yalikuja kwa simu, kwa sauti tamu ya Eseza, na Semei aliyatimiza huku ameuma meno. Hebu fikirieni: mwanamume mzima anahesabu punje za samaki kwa amri ya mwanamume mwenzake ambaye hata sura yake haijui!

Eseza akichelewa kupokea simu, Semei alijua yuko na nani. Akipokea huku anacheka, alijua ni nani aliyemchekesha. Ushahidi hakuwa nao, na wala hakuuhitaji.

Jumanne moja Eseza akauliza, "Ile jike, tumbo imejaa? Iko na mistari ya kusimama?"

"Iko."

"Kale, sawa, basi mayai imefika. Jumapili Ignatius atakuja hapo nyumbani tuwakutanishe. Wewe usiguse, tafadhali. Hawa hawakaagi pamoja. Ni saa chache tu, na mtu anachunga. Ukiziacha, dume itamrarua."

Atakuja. Nyumbani. Atakalia kiti cha nani? Semei hakulala vizuri siku mbili, na Alhamisi alasiri alipotoka kazini hakuvua hata viatu. Alijipa sababu nzuri sana: mayai yakitoka leo, Ignatius Jumapili atakuja kufanya nini? Akaondoa boksi, akafunua tangi, akammimina jike humo, maji na kila kitu.

Mwanzoni ilipendeza. Dume alitanua mapezi yote, akajitikisa, akamzunguka jike kwa madaha. Semei akatabasamu. Kumbe ni rahisi hivi, akawaza, na Ignatius anajifanya mganga! Kisha dume akamwendea jike kwa mdomo. Jike akakimbilia kona moja, akafuatwa. Akakimbilia nyingine, akafuatwa. Tangi lilikuwa tupu, jani moja la mkungu chini na maji matupu, hapakuwa na pa kujificha. Vipande vya mkia vikaanza kuelea.

Chujio la chai lilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Angemtoa mara moja. Lakini hapo ndipo wazo la pili lilipomjia, na hilo halikuwa zuri hata kidogo: jike akifa, vilevile Ignatius hatakuwa na la kufuata Walukuba. Semei akakaa. Akajimiminia chai, akainywa yote, macho kwenye kioo.

Jike alipolala ubavu juu ya maji, akihema tu, ndipo Semei alipozinduka. Eseza anakuja Jumamosi! Akamchota kwa chujio, akasimama katikati ya chumba asijue pa kumweka. Akaitia chupa yake maji ya jerikeni, akamtumbukiza humo. Namba ya Ignatius ilikuwa imeandikwa kwenye kopo la chakula cha samaki. Fedheha iliyoje. Akapiga.

"Afande Ignatius? Ni Semei hapa. Wa Walukuba."

"Semei! Eh, bwana, ndiyo wewe? Eseza anakutaja hapa mpaka tunachoka! Samaki iko namna gani?"

Semei alisema jike ameumia. Hakusema ameumiaje.

"Ngoja, mimi sijui sana, mimi nabeba tu maneno. Mwenye samaki ni bibi yangu, mama watoto." Akaita kwa nguvu, "Gorreti! Kuja! Ile jike ya Eseza imeumia!"

Mwanamke akaichukua simu. Alizungumza upesi, kwa upole: beseni, maji yaliyolala, chumvi kijiko kidogo kwa lita nne, jani la mkungu, joto, giza, chakula asipewe mpaka kesho. "Na usiogope, ssebo. Jumapili tunakuja wote, na watoto. Nitaiangalia mwenyewe."

Semei akakata simu. Amri zote zile alizozitimiza kwa chuki zilikuwa za Gorreti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha akainuka akatafuta beseni. Alimuuguza jike siku mbili kama mtoto, na jike akapona, ila mkia ulibaki kama ufagio uliokwisha.

Jumamosi Eseza aliingia na begi lake, akainama juu ya beseni, akauona mkia. Semei alikuwa ametayarisha uongo: ameruka mwenyewe akaingia tangini. Mke wake alipoinua macho, uongo ule akauacha.

"Ni mimi nilimtia," akasema.

"Bahati mbaya?"

"Hapana."

Eseza akavuta kiti. Sasa aliuliza kwa sauti anayotumia kazini, taratibu.

"Nilikuambia dume itamrarua?"

"Uliniambia."

"Ilipoanza kumrarua, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

Kisha akamwaga yote: simu, vicheko, Jumapili, Ignatius, kwamba alifikiri samaki akifa yule bwana hatafika. Maskini, alidhani ukweli ukitoka wote utamwokoa. Eseza hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayehakikisha sura.

"Mimi wivu naweza kuvumilia," alisema mwishowe. "Mwanamume akiwa na wivu, anagomba, inaisha. Lakini wewe unaweza kukaa tu, Baba Annah. Unatazama mpaka chai iishe."

Akafungua mkoba, akaweka mezani funguo mbili mpya kwenye uzi mmoja.

"Nilipata nyumba Malukhu, vyumba mbili. Nimekuulizia na kazi. Nilikuja kukuambia tuhame."

Semei akanyoosha mkono. Eseza akazichukua funguo zote mbili, akazirudisha mkobani, kisha akaenda jikoni kutafuta chombo chenye mfuniko cha kumbebea jike.