Mtani wa Nyuma ya Vijiti

Hemedi alikuwa tarishi wa boma la Kisarawe, na kwa miaka tisa hakuna mwingine aliyesimama nyuma ya vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, timu ya boma ilipocheza kriketi. Kazi yake ilikuwa kudaka kila mpira uliompita mpigaji, na zamu yake ikifika, naye apige. Kwa kudaka alikuwa bingwa. Kwa kupiga, tuseme ukweli, alikuwa wa kawaida tu.

Mwaka 1952 akaja Bwana Pinto, Mgoa wa Dar es Salaam, kutafuta mdakaji wa timu ya Tanganyika itakayokwenda Nairobi. Mmoja tu. Waliojitokeza ni wawili: Hemedi, mtu wa miaka thelathini na minane, na Salehe, karani kijana. Hemedi alijua safari hii ikimpita hataiona nyingine. Mkewe, Sikudhani, alikuwa ameshaifua suruali yake nyeupe ya kuchezea mara mbili, na wiki nzima Nairobi haikumtoka mdomoni.

Salehe alikuwa mtoto wa shangazi yake Hemedi, kwa hiyo mtani wake, na mdomo ule haujui kupumzika. Hemedi alipokuwa anaingia uwanjani, kijana alimpokonya kofia akaivaa yeye.

"Mzee, sanda umekuja nayo? Mpira ukikupata leo tunakuzika hapahapa, ubwabwa tumeshapika!"

Siku nyingine Hemedi angemjibu mpaka ajute. Leo roho ilikuwa juu juu; akaitwaa kofia yake akaenda kusimama nyuma ya vijiti, Bwana Pinto akitazama yote.

Alidaka vizuri, hakuponyokwa na mpira hata mmoja, kisha kwa kupiga akapata alama kumi na moja. Salehe alidaka karibu sawa naye, akapiga arobaini na sita. Kila mtu aliona.

Mchezo ulipokwisha Bwana Pinto alimwita Hemedi peke yake barazani.

"Kijana anapiga kuliko wewe," alisema. "Lakini simchukui mtu anayemtukana mkubwa wake mbele za watu na kumtajia kifo. Nimeandika jina lako."

Furaha ilimjaa Hemedi mwili mzima. Akashukuru, akashuka ngazi, tayari anamwona Sikudhani akipiga vigelegele. Akinyamaza, nani atajua? Hata Salehe mwenyewe hatajua. Lakini akakumbuka utani wao. Mwaka jana, kwenye harusi ya Salehe, yeye Hemedi alibeba sahani nzima ya pilau ya bwana harusi akaondoka nayo, na Salehe akabaki anacheka na njaa yake. Akageuka, akapanda ngazi tena.

"Bwana, yule hakunitukana. Ni mtani wangu. Ana haki ya kuniambia vile."

Bwana Pinto alimtazama sana. "Una hakika unataka kuniambia hivyo?"

"Sitaki," alisema Hemedi. "Lakini ndivyo ilivyo."

Bwana Pinto akakata jina, akaandika jingine.

Habari za kuchaguliwa kwake zilipomfikia Salehe, alikuja mbio, watu nyuma yake.

"Nilikwambia, mzee, umekwisha! Nenda kalee wajukuu, Nairobi tuachie wanaume!"

Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia Hemedi wasikie atakavyomrudishia. Akamwazia Sikudhani na ile suruali nyeupe. Basi akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtiririka mashavuni, na watu wakasema leo Salehe kampata kwelikweli.