Nyutro kwenye Mteremko wa Pugu

Chiku hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa ametoka Kisarawe kuchukua mashine ya kuchonga vyuma, sasa anaivuta kwa pikapu yenye trela kuipeleka mjini, mtaa wa Gerezani. Ikifika salama, kazi ya udereva kwenye karakana ya Ravindra ni yake. Mwenye kauli ni Mjomba Awadhi, dereva wa karakana kwa miaka ishirini, aliyeketi pembeni yake akikagua kila anachogusa.

Mteremko wa Pugu ulipoanza, Chiku alitoa gia kwenye D, ya mwendo wa kawaida, akaiweka kwenye 2, gia nzito. Injini ikanguruma, pikapu ikapunguza mwendo yenyewe, trela ikafuata kwa adabu.

"Unaiua injini!" Awadhi akafoka. "Mteremkoni tunaweka nyutro, gari linajiendea bila gia, mafuta yanabaki. Miaka yote nateremka hivyo."

"Ulikuwa huna mzigo, Mjomba. Huu unatusukuma. Acha injini iushike."

"We mtoto, usinichoshe!"

Na mkono wa Awadhi, ambao haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu, ukaisukuma gia kwenye N, nyutro yenyewe.

Kukawa kimya. Kimya kitamu, cha sekunde tatu tu. Kisha trela ikaanza kuwasukuma kwa nyuma. Chiku akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, na breki ikaanza kulegea mguuni. Kule chini, kina mama wauza mahindi walikuwa wamekaa ukingoni mwa lami. Chiku aliogopa, tena sana. Lakini mikono yake ilijua kazi.

"Toa mkono, Mjomba!"

Akarudisha D. Breki moja nzito, mwendo ukashuka, akaweka 2. Breki tena, akaweka L, gia nzito kuliko zote. Injini ikapiga kelele kama mashine ya kusaga, pikapu ikang'ang'ania barabara, wakawapita wale kina mama polepole, mmoja akiwanyooshea hindi wanunue.

Wakafika Gerezani salama, mashine nzima.

Ravindra alikuwa akiwasubiri mlangoni. "Awadhi, vipi? Huyu binti anaweza?"

Chiku alimjua mjomba wake: akipotea njia, husema barabara imehamishwa.

Awadhi akajifuta jasho. "Bosi, leo mimi nilitaka kuua watu," akasema. "Yeye ndiye katuleta. Ufunguo mpe yeye."